Mwanamke Aliyeniita Afande

Jumatatu, 7 Machi 2011
Sare ishirini na mbili za shule, zote nimezipiga pasi kabla ya saa sita. Fundi Ramazani, bosi wangu, karidhika. Alasiri mwanamke akasimama mlangoni, akanitazama sana. Kisha akasema polepole, "Afande." Miaka saba hapa ugenini Fordsburg hakuna aliyeniita hivyo. Mimi ni Mzee Pierre wa pasi. Nikamwambia amenifananisha. Nikaunguza kola.

Jumatano, 9 Machi
Karudi. Alisimama ng'ambo, karibu na robot, zile taa za barabarani. Nimetokea mlango wa nyuma. Naogopa. Nani kamtuma? Kule Kivu, tuliowapindua hawajanisamehe, na niliopindua nao walinigeuka nikakimbia. Nilizaliwa mtoto wa mwami, mtawala wa kwetu. Mapinduzi yalipokuja niliacha ng'ombe na kiti cha baba, nikabeba bunduki. Wakanipa ujenerali. Hawakuniamini hata siku moja. Damu ya wakubwa, walisema. Basi kila hukumu ya kifo niliitia sahihi haraka kuliko wote, wasinione laini.

Ijumaa, 11 Machi
Sikwenda kazini. Nimesukumia kitanda mlangoni. Kila anayepanda ngazi ni yeye.

Jumamosi, 12 Machi
Ramazani kanifuata. Sikufungua. Akasema akiwa nje, "Mzee, yule mama anaitwa Faida. Anasuka nywele mtaa wa pili. Anasema mume wake alikuwa kapteni wako."

Nilikaa sakafuni. Namkumbuka kapteni. Alikataa kuchoma kijiji. Nilimhukumu mimi. Afadhali mama huyu angekuwa ametumwa kuniua.

Jumanne, 15 Machi
Nimekwenda saluni mwenyewe. Kungoja kumenishinda.

"Ni mimi niliyetia sahihi," nilimwambia.

"Najua. Tangu mwaka ule najua. Nataka uniambie mulimuweka wapi."

Nilimwambia. Nyuma ya kiwanda cha chai, upande wa mto, chini ya mikaratusi mitatu. Aliandika kwenye daftari la wateja. Akauliza kama miti bado ipo. Sijui, nilisema. Alifunga daftari, akamwomba radhi dada aliyekuwa kitini, akaendelea kusuka.

Nilikaa kwenye benchi mpaka kichwa kile kikaisha. Hakunifukuza.