Kompyuta ya Dada Inarudi Siku Ile Ile

Shangazi mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie, na kama utanicheka basi unicheke ukishamaliza kusoma, maana maji yamenifika shingoni na nyumbani sina wa kumwambia, mama nikimtajia tu jina la dada anaanza kulia upya.

Mimi ni karani wa zahanati, nakaa chumba cha juu chenye kompyuta moja kuukuu. Kiti hiki kilikuwa cha dada yangu. Alifariki ghafla, wakubwa wakaniambia njoo ushike nafasi yake kwani kazi umeshaizoea kwa kumsaidia, nikaja, nikakuta kila kitu kama alivyokiacha, sweta lake nyuma ya kiti, kandambili zake chini ya meza, na kompyuta bado inafunguka kwa jina lake, nami sikubadilisha kitu.

Kompyuta hiyo ndiyo inayopokea majibu ya vipimo kutoka maabara kubwa, nyingine ya zahanati haina programu hiyo. Sasa mwezi uliopita mtandao ukakatika. Nikachomoa waya nikachomeka, nikazima kile kisanduku chenye taa nikawasha, nikapuliza vumbi, wapi! Fundi akaja, akachungulia kona ya chini ya kioo, akacheka.

"Hii mashine haijui leo ni lini," akasema. "Betri yake ya saa imekufa. Ikizimwa inasahau tarehe, na mtandao ukiona tarehe ya zamani unaikataa."

Nikaitazama hiyo tarehe. Ilikuwa siku ya mwisho ya dada kazini, siku aliyoondoka mchana akisema amechoka kidogo, na hakurudi tena.

Fundi akanionyesha namna ya kurekebisha tarehe kwa mkono, mtandao ukarudi, akasema ataleta betri. Lakini mlinzi wetu huzima umeme wa jengo zima kila jioni, ndio utaratibu tangu zamani, kwa hiyo kila asubuhi nikiwasha kompyuta inaamka siku ile ile, na ikiamka, kabla sijagusa kitu, kinachomoza kikaratasi cha njano kwenye kioo, ukumbusho aliojiwekea dada, maana alikuwa na tabia ya kujiandikia kila kitu kwenye kalenda ya humo asisahau, hata "nunua sabuni". Hiki kimeandikwa "Mwambie mdogo wangu", basi, maneno mengine yamekatika kwa kukosa nafasi. Nikibonyeza "soma zaidi" naambiwa hakuna mtandao. Nikirekebisha tarehe ili mtandao uje, kikaratasi kinatoweka, kwa sababu siku yake imeshapita.

Na mdogo wake ni mimi peke yangu.

Mwanzoni nilikuwa nakitazama kidogo kisha naendelea na kazi. Siku hizi nakaa nacho. Nazima simu, nafunga mlango, nakaa ndani ya siku ile ambayo dada bado yu hai, na chumba kinakuwa kimya kwa namna nisiyoweza kukueleza, asubuhi nyingine sweta linanukia mafuta yake kama amelivua sasa hivi, asubuhi nyingine nahisi kwamba nikigeuka nitamkuta, basi sigeuki. Fundi amekuja na betri si mara moja, namwambia kesho. Benchi la chini limejaa watu. Juzi mama mmoja mwenye mtoto mgonjwa mgongoni alipanda hadi mlangoni, akagonga, akauliza, "Mwanangu, mtandao bado?" Nikamjibu bado, na kumbe mtandao ulikuwa unanisubiri mimi tu nirekebishe tarehe. Daktari naye amechoka, ameniambia tukiendelea hivi atatafuta karani mwingine.

Mwenyewe sijiwezi. Ngazi za hapa siku hizi zimekuwa ndefu, nasimama katikati, pale pale alipokuwa akisimama dada akijifanya anasoma tangazo la kunawa mikono, na ikifika mchana viatu vikianza kunibana navaa kandambili zake, nahisi yuko nami. Je, nikubali betri ibadilishwe, nimpoteze mara ya pili? Au kuna neno anataka kuniambia, nami nimsubiri mpaka alimalize?

Wako,
Mdogo Mtu

*

Marahaba, Mdogo Mtu.

Barua yako ilikuwa inakwenda kutupwa. Mpokea barua wetu aliiweka kando kwa sababu juu yake pamechapwa tarehe ya zamani, akadhani ilipotelea njiani ikafika leo. Umeiandika kwenye kompyuta ile ile, ikajipigia tarehe yake, wala hukuona.

Pole sana, mwanangu. Sikucheki. Ningekuwa mimi, na nimpendaye akanichungulia hivyo kila asubuhi, huenda nami ningefunga mlango. Lakini yule mama alipanda ngazi na mtoto mgonjwa mgongoni, nawe ukamdanganya ukiwa umekaa! Mtoto wake anaumwa leo. Marehemu hana haraka. Mgonjwa anayo, na hilo ulipaswa kulijua kuliko mimi, wewe unayefanya kazi zahanati.

Nimemuuliza fundi wa kompyuta wa hapa gazetini. Anasema betri hiyo ni kitu kidogo kama kifungo cha koti, kuibadilisha hakufuti chochote, na ukumbusho wa dada yako haujaenda popote: mtandao ukirudi, fungua kalenda yake, rudi nyuma hadi siku ile, utausoma wote. Nikamuuliza mbona mashine inarudi siku hiyo hasa. Akasema kwa kawaida zikipoteza saa hurudi siku zilipotengenezwa kiwandani. Nikamwambia hii hairudi huko. Akakumbuka ghafla kwamba ana kazi ghorofa ya chini. Hilo basi sina jibu lake, na sitakutungia.

Ila nina swali. Karani mzima, kufungua kalenda hujui? Unajua sana. Hujaifungua kwa sababu unaogopa mwisho wa sentensi ile, na unauogopa kwa kuwa nusu yake unayo. Umeniandikia mwenyewe, mwishoni kabisa, kama jambo la kugusia tu. Dada alikuwa anasimama katikati ya ngazi kuvuta pumzi, nawe sasa unasimama. Hukujiuliza kandambili zilifuata nini chini ya meza ya ofisi? Mtu mwenye viatu vyake huweka kandambili kazini kwa sababu ikifika mchana miguu imevimba. Wewe ulizikuta ukadhani ni kumbukumbu, ukaziingiza miguu, nazo zikakutosha. Hiyo unaiita kuwa naye. Mimi naiita ugonjwa, na naogopa usije ukawa ule ule uliomchukua.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nawe umekwenda kujifichia zahanati, daktari akiwa chini ya sakafu unayoikanyaga! Mtu hafi kiu mguu ukiwa mtoni, mwanangu, ila akiamua mwenyewe.

Sasa nisikilize. Kesho asubuhi usipande juu kwanza. Kaa kwenye benchi na wale wanaokungoja, zamu yako ikifika ingia, mweleze daktari habari ya ngazi, ya miguu, na ya dada yako alivyoondoka. Akupime presha, akupime moyo, akutoe damu. Vipimo vyako vitapelekwa maabara kubwa, na majibu yatarudi kwa mtandao, kwenye kompyuta hiyo hiyo uliyoifungia mlango. Kwa hiyo mwite fundi aweke betri, na neno "kesho" usimwambie tena, amelisikia vya kutosha. Mtafute yule mama, umwombe radhi, umpe majibu ya mtoto wake kwa mkono wako. Sweta lipeleke nyumbani kwa mama yenu, mlie wote wawili, maana naye analia peke yake.

Kisha fungua kalenda usome. Sijui dada yako aliandika nini. Lakini yeyote aliyekuwa na miguu ile na pumzi zile, akiwa na mdogo mmoja tu duniani, angekuwa na jambo moja la kumwambia, na sasa limekufikia hata kama maneno yake yalikatika.

Ukiniandikia tena, barua nitaigeuza kwanza nitazame juu. Nataka nikute tarehe ya siku uliyoiandika.

Shangazi