Sifuri Niliyoiandika Mwenyewe

Ngokolo, Alhamisi jioni

Kumbe kosa lilikuwa langu. Wiki nzima nimemwambia Mama Kulwa, mtaalamu wa maabara ya kituo cha afya kule Kharumwa, kwamba kompyuta yake ndiyo mbovu, ndiyo maana majibu hayaendi kwenye mfumo. Wiki nzima ametuma majibu ya damu kwa bodaboda.

Mimi ndiye niliyeandika anwani yake ya mtandao kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kutuma majibu kwenye mfumo. Mwishoni mwake niliweka 010 badala ya 10, ili safu zilingane zipendeze. Programu yangu ilisoma anwani kama neno tu, na kwa maneno, 010 na 10 ni vitu viwili. Ikamfungia.

Leo nimeibadilisha isome anwani kama namba nne zilizotenganishwa kwa nukta. Papo hapo ikaikataa ile sifuri na kunionyesha mstari wenye kosa. Nikaifuta.

Nikampigia. "Shikamoo mama. Hebu jaribu sasa."

"Marahaba. Ee, yamekwenda!" Akauliza: "Ulitengeneza nini?"

Ningeweza kusema mtandao umetulia. "Nilikosea mimi, mama. Wewe hukuharibu kitu."

"Si nilikwambia?" alisema, bila hasira. "Basi mwambie na mganga mfawidhi. Alinisema mbele ya wagonjwa."

Hilo sikulijua. Nimekaa nalo mpaka chai ikapoa.

Nimemwandikia mganga, na kosa langu nimeliweka kwenye sentensi ya kwanza. Huenda wasinipe tena kazi. Naogopa, sikatai. Ila ujumbe umeshakwenda, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu nasikia njaa.