Makubazi ya Baba Mlangoni Pangu

Chumba Na. 9,
Nyumba za Wafanyakazi,
Nyuma ya Jengo la Kufulia.

14 Agosti

Mpendwa Dada Uzi,

Shikamoo. Barua hii ikukute umekaa, si umesimama, maana Mama ameniambia mgongo unakusumbua tangu walipokubadilishia zamu. Umetulia kidogo? Shemeji hajambo? Na wapwa zangu, yule mdogo ameshaacha kung'ata wenzake shuleni? Usibebe ndoo za maji na huo mgongo. Najua hutanisikia, lakini nimesema.

Sisi huku tunashukuru. Mama hajambo, presha imeshuka, ulimi uko palepale. Mimi ni mzima wa mwili. Baba naye ni mzima, na yeye ndiye aliyenikalisha na kalamu, kwa sababu kwenye simu ningekudanganya tena kama nilivyokudanganya mara tatu zilizopita.

Uliniuliza chakula cha jioni cha miaka arobaini ya ndoa yao kilikwendaje, ile zawadi yako uliyoipanga tangu mwaka jana. Nikakujibu kilikwenda vizuri mno, nikakutumia picha. Ukauliza mbona Baba amekatwa magotini. Nikamsingizia mhudumu aliyepiga, nikasema bado hajaizoea simu yangu. Dada, picha ile niliikata mimi. Iliyo nzima nimeitia humu ndani ya bahasha. Usiitazame kwanza, soma.

Unajua ninakofanya kazi ila hujawahi kuuona mlango wangu. Hii ni hoteli ya kupumzikia. Kutwa nzima watu wanatembea na nguo za kuogelea, mchanga mpaka masikioni. Nimemwona hakimu mzima akipanga foleni ya aiskrimu na taulo kiunoni. Ukitaka kumjua mfanyakazi hapa, angalia aliyevaa viatu. Lakini ikifika saa kumi na mbili jioni, mgahawa wa ghorofani unafunguliwa, na huko mambo ni mengine. Kuna kibao cha shaba ukutani: wanaume wavae suruali ndefu, shati la kola, na viatu vinavyofunika vidole na kisigino. Wanawake wameachiwa uhuru wao. Inaelekea vidole vyao havimkeri mtu.

Mimi ndiye mwenye mlango huo. Nyuma ya meza yangu lipo kabati la nguo za kuazimisha: suruali nyeusi tano za lastiki, mashati, na jozi sita za viatu vyeusi. Kila kiatu kimepigwa namba ya rangi nyeupe kisiginoni, mgeni asije akaondoka nacho kwa kusahau au kwa kukusudia. Kila asubuhi navifuta kwa spiriti na kuvijaza magazeti vikauke.

Kwa kawaida watu hucheka. Bwana harusi mmoja alikula na mkewe ndani ya suruali iliyoishia kwenye muundi, mke akacheka mpaka akashindwa kula. Nami nilikuwa nacheka nao. Nililiona kabati lile kama mchezo tu wa watu wenye nafasi.

Sasa Baba. Unamjua alivyo na makubazi yake. Ameshona ya ngozi tangu hatujazaliwa, na hajawahi kushona kiatu cha kufunika hata kimoja, kwa sababu anasema mguu si mwizi wa kufungiwa. Kosa langu la kwanza liko hapo. Siku chache kabla nilimwambia, Baba, utakapokuja uvae viatu vyako vizuri kuliko vyote. Sikumwambia vya namna gani. Mtoto wa fundi viatu namwambia fundi viatu avae vilivyo bora, halafu natarajia aje na nini?

Basi akashona makubazi mapya. Mama anasema aliyashona kwa wiki mbili, akitumia ile ngozi nzuri aliyokuwa akituambia kila mwaka kwamba ina kazi yake. Alimficha hata yeye. Na Mama akashonewa yake, ya rangi ileile. Siku yenyewe Baba alivaa shati jeupe, vifungo vyote mpaka shingoni, na suruali iliyonyooshwa mpaka mkunjo ungeweza kukukata.

Wiki iliyotangulia, mhudumu mmoja alikuwa amefukuzwa kwa kumpitisha rafiki yake aliyevaa jezi ya mpira. Meneja akawa anasimama pembeni ya chungu cha maua, mikono nyuma, akituangalia sote. Alikuwa hapo Baba na Mama walipokuwa wakipanda ngazi wameshikana mikono. Baba alianza kutabasamu tangu chini.

Dada, mimi niliangalia miguu yake kabla sijamwangalia uso. Kazi hii imenifanya hivyo. Halafu mdomo ukafunguka wenyewe, ikatoka sauti ya hoteli.

"Karibuni sana, bwana na bibi. Samahani, bwana, kwa viatu hivyo sitaweza kukupitisha. Tunaweza kukuazima vingine."

Nilimwita baba yetu bwana. Mama alitaka kusema neno, nikamwona Baba akimbana mkono. Akaniangalia kidogo, si kwa ukali, kama mtu anayesoma tangazo kuhakikisha ameelewa.

"Hakuna neno, kijana," akasema. "Kazi ni kazi."

Akakaa kwenye kile kibenchi cha wageni. Nikapiga magoti nikamvua makubazi, nikamvisha jozi namba nne, nikachomeka gazeti mbele kwa sababu vilimpwaya. Makubazi nikayaweka kabatini, na yeye akainama kutazama kama nimeyalaza sawasawa. Kisha wakaingia. Alimshukuru mhudumu kwa kila sahani. Mama hakumaliza chakula chake. Picha ilipigwa kabla ya matunda, kwa simu yangu.

Walipotoka alivua viatu vile mwenyewe, akavifuta kwa leso yake ya mfukoni ndani na nje, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Asante, kijana."

Nisijifiche nyuma ya meneja. Ni kweli nilimwogopa. Lakini kulikuwa na kitu kingine pia, na ndicho kinachoninyima usingizi. Wageni wawili walikuwa nyuma yao wakingoja, wananukia manukato, na mimi nilimwonea haya Baba. Ilikuwa kufumba na kufumbua tu. Vidole vile vilivyopasuka kucha vilitusomesha mimi na wewe, na mimi nilitamani vifunikwe.

Siku tatu baadaye alikuja mgeni mmoja aliyekodi ghorofa nzima ya juu. Alipanda ngazi na kandambili za mpira, za kuogea. Nikaanza maneno yangu, meneja akaniashiria kwa kidevu nimpishe. Nikampisha. Kandambili zikapita zikipiga kelele mpaka meza ya dirishani, na hakuna mgeni aliyegeuka.

Kesho yake nilikwenda ofisini kwa meneja na hasira zangu zote. Nikamwambia yule mzee wa juzi, wa makubazi, ni baba yangu mzazi. Meneja akaweka kikombe chini.

"Baba yako? Mbona hukusema? Ningempeleka mezani mimi mwenyewe."

Bora angenitukana. Nilikuwa nimekwenda kumlaumu mtu, nikatoka sina wa kumlaumu ila mimi. Neno moja tu lilitosha, Dada, na neno lenyewe lilikuwa "Baba".

Tangu hapo, kila Jumatatu ninapopata mapumziko nakwenda nyumbani, na Baba ananipokea vizuri kuliko alivyowahi kunipokea. Ananipa kile kiti cha wageni chenye kitambaa. Maji yangu yanakuja kwenye glasi, chini kuna kisosi. Ananiuliza habari za kazini, ananisikiliza mpaka mwisho, ananishukuru kwa kuja. Na ananiita kijana.

Wewe alikuita Uzi kwa sababu ukianza kusema hukatiki. Mimi aliniita Msumari kwa sababu nilikuwa nasimama karibu yake nimebana misumari midogo mdomoni, yeye akiichomoa mmoja mmoja. Ndani ya nyumba ile sijawahi kuwa na jina jingine. Hii ni wiki ya kumi na moja sijalisikia. Mama alijaribu ujanja, akamtuma uani, hebu mwite Msumari aje ale. Baba akatokea mlangoni na kusema, "Kijana, chakula tayari."

Nilimwomba radhi, usidhani sikuomba. Nilipiga magoti karakanani, palepale kwenye vipande vya ngozi. Akaniinua. Akaniuliza nimekosa nini, wakati nilifuata sheria ya mahali pangu pa kazi. Akasema angekuwa na mfanyakazi kama mimi asingelala na wasiwasi. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kwa kofi. Kwa heshima sikuwa nimejiandaa.

Mama anasema Baba hana hasira, anaumwa. Namwuliza anaumwa wapi, ananijibu nenda kamwulize aliyemvua viatu.

Mwezi uliopita nikaona niende kwa njia nyingine. Niliingia karakanani kama mteja, nikamwambia nataka makubazi. Hakushtuka. Akatandika boksi chini, akaniambia nisimame juu yake, akanichora mguu wa kulia, kisha wa kushoto, penseli ikinitekenya kama zamani. Miguu hii ameivisha tangu naanza kutambaa na kusimama, lakini alinipima yote miwili kama hajawahi kuiona. Aliniuliza nataka mkanda mmoja au miwili. Nikasema anavyoona yeye. Akasema mteja ndiye huchagua. Nikachagua miwili. Akaniambia nirudi Alhamisi ya wiki ya tatu.

Niliomba ruhusa, nikarudi. Hiyo ilikuwa juzi.

Unazikumbuka zile rafu mbili? Ile ndefu ya wateja, kila jozi imeandikwa namba kwa chaki chini ya soli. Na ile fupi ya dirishani, ya watu wa nyumbani, inayoandikwa jina ili asije akaviuza kwa bahati mbaya, kama alivyouza vyako siku ya mtihani ukaenda na vya Mama. Mimi nilikwenda moja kwa moja kwenye rafu ya wateja. Nikageuza jozi moja baada ya nyingine: thelathini na moja, thelathini na mbili, thelathini na tatu. Hakuna iliyokuwa ya mguu wangu. Baba alikuwa ameinamia kazi, hakunisaidia. Nilipofika ya mwisho, akanyoosha nyundo bila kuinua kichwa, akaelekeza dirishani.

Nilikwenda nikayachukua. Mazuri, Dada, ya ngozi ileile ya siku ile, kipande kilichobaki. Nikayageuza taratibu maana nilijua nitakachokisoma, nilikuwa nimeshaanza kutabasamu.

Chini ya soli, kwa ule mwandiko wake unaopinda, aliandika KIJANA.

Nikayaweka chini, nikayavaa. Akaniuliza kama yananibana. Nikasema hayabani. Akaja akapiga goti, akabonyeza kidole gumba changu kwa kidole gumba chake, kama alivyokuwa akitufanyia kila siku ya kufungua shule.

"Usiyavae kazini," akasema. "Watakurudisha."

Sikujua nicheke au nilie. Mama, aliyekuwa akichungulia, alicheka, kisha akaenda zake jikoni upesi. Aliponisindikiza akanishika mkono, akasema nisiwe mjinga, mteja hupewa namba na mimi nimepewa jina, tena rafu ya nyumbani. Anaona mambo yanakwenda vizuri. Mimi sijui. Nimegeuza ile soli mara nyingi tangu juzi. Mara naona amenirudisha ndani, mara naona ameandika tu kile alichokikuta mlangoni ili mimi na yeye tusisahau. Pengine ni yote mawili.

Sikuombi umpigie kunitetea. Ukimpigia hivyo atakuambia mdogo wako ni mfanyakazi mzuri, halafu atakuuliza habari za mgongo. Nakuomba umwambie tu kwamba umeipata picha nzima. Sasa unaweza kuitazama. Namba nne inaonekana, pale chini ya meza, mguu wa kushoto. Na mtazame usoni: anatabasamu kwa ajili yako, kwa sababu zawadi ilikuwa yako na hakutaka iharibike.

Nisalimie sana shemeji, mwambie koti lake lilifika na linanitosha. Wapwa zangu wabusu wote wawili, yule mng'ataji kwa uangalifu. Mama anakusalimu, anasema ujipake mafuta ya moto na uache ubishi. Baba nilipomwambia nitakuandikia alisema nikuambie yeye hajambo, na kwamba vipimo vya miguu yako bado anavyo.

Mungu akulinde huko uliko, akupe mgongo wa kusimama na mahali pa kukaa.

Mdogo wako akupendaye,

Kijana