Ulisubiri Rufaa kwa Sababu Yangu

Mdogo wangu Merina,

Ninakuandikia nikiwa kwenye benchi la hospitali hapa mjini Dodoma, nje ya wodi ya wazazi. Mwanao Neema yumo ndani. Mimba yake ina miezi minane, na presha imempanda kama ilivyokupanda wewe.

Asubuhi alinipigia simu kutoka Bahi. Aliniamkia kwanza, kama ulivyomfundisha, ndipo akaniambia kwamba kichwa kinamuuma tangu juzi, miguu imevimba na macho hayaoni vizuri. Zahanati yenu ina mhudumu mmoja tu, naye alikuwa semina. Kipimo cha presha kiliharibika ungali hai. Hakijatengenezwa hadi leo.

Unakumbuka uliponipigia ukiwa umesimama kwenye maji ya shamba la mpunga? Ulitaka kuja mjini moja kwa moja. Nami, mwalimu wa miaka mingi, nikakujibu, "Fuata utaratibu. Huwezi kwenda hospitali kubwa bila barua ya rufaa."

Ukacheka. "Haya, mwalimu, nitanyoosha kidole kwanza."

Ukaisubiri barua siku nne. Nilipofika, nilikukuta umekwisha kufunikwa khanga.

Mwezi uleule jirani yangu, karani wa serikali, alishikwa na ugonjwa huohuo. Alionyesha kadi ya bima, akapimwa, akapewa dawa, akarudi kazini. Simchukii. Lakini nimejiuliza mara nyingi alikuzidi nini, Merina. Alikuzidi kadi na barabara ya lami. Basi.

Leo nilimwambia Neema apande bodaboda hadi barabara kuu, nami nikaenda kumchukua kwa gari la kukodi. Mapokezi walitaka barua.

"Hatuna," nikasema, "na hatuondoki."

Muuguzi mmoja alimtazama Neema usoni, akaagiza kiti cha magurudumu haraka. Wamesema mtoto lazima atolewe leo kwa upasuaji. Tangu hapo mlango umefungwa, na kila anayetoka hanitazami.

Neema hajui kwamba mimi ndiye niliyekuambia usubiri. Anaamini ulichelewa kwa sababu ya palizi. Alisema hivyo msibani, mbele ya watu, nami nikanyamaza.

Akiamka, nitamwambia kwa kinywa changu, hata kama hataniita mjomba tena. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako. Pumzika, mdogo wangu.

Mlango umefunguliwa. Wanamwita ndugu wa Neema. Ninakwenda.

Kaka yako