Zawadi Isiyokaa Sakafuni

Remba,
Desemba, wiki ya kwanza

Kwako mdogo wangu Anyango,

Pokea salamu kutoka kisiwa hiki cha mabati. Mgongo wako unaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema makreti ya nyanya yameanza kukulipizia. Na watoto wangu je? Lile jino la Awuor lililokuwa likitikisika limeng'oka, au bado analichezea kwa ulimi hadi chakula kinapoa? Odhiambo amepona kikohozi? Mimi ni mzima. Nimekuwa mweusi kwa jua la kuanika omena, hawa dagaa wetu wa ziwani, na sauti imekauka kwa kubishana na wanunuzi, lakini nakula na nalala, kwa hiyo sina la kulalamika upande wa afya.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Sababu ni chumba chako. Nikipiga, unaiweka simu juu ya kabati mahali penye network, unafungua spika, na kuanzia hapo naongea nawe, na watoto, na Mama Risper mwenye nyumba aliye upande wa pili wa ukuta. Hakuna kona ya kusikilizia neno la watu wawili. Na nililonalo ni la watu wawili. Ndiyo maana nimempa barua yule mama anayeleta omena huko kwenu Kosele siku za soko, pamoja na furushi ulilolipokea. Karatasi ikinuka, vumilia.

Neno lenyewe ni hili: nina wivu. Nakuonea wivu wewe, mtoto wa mama yangu, ambaye nilikubeba mgongoni. Nimelisema mapema ili nisilikwepe huko mbele.

Unakumbuka Jumapili nilipomuuliza Awuor anataka nini Krismasi hii? Nilikuwa nimejitayarisha. Nilidhani atataja viatu, au begi lenye magurudumu kama la mwenzake. Mtoto akaniambia, "Mum, ngoja niulize Anti kama iko na mahali ya kukaa."

Akakuuliza. Nikakusikia ukimjibu huku sufuria zinagongana, "Mwambie kitu kidogo."

Akarudi kwenye simu. "Anti amesema kitu kidogo."

Nikasema sawa, nikacheka, nikakata. Halafu nikakaa juu ya gunia nikiwa nimeshika simu kama mtu aliyefiwa. Mimi ndiye niliyemzaa Awuor, lakini ili apokee kitu mkononi mwangu, lazima kwanza kipite kwako kipewe kibali. Na jioni hiyo hiyo ukanitumia ujumbe: "Dada, tafadhali Christmas hii usitume kitu kubwa. Nyumba imejaa, hata kugeuka ni shida." Najua hukuandika kwa ubaya. Najua pia kwamba ni kweli. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, maana ungekuwa umedanganya ningepata mahali pa kukugombeza.

Mwaka jana Krismasi iliangukia wakati wa giza. Unajua kazi yetu ilivyo: mwezi ukiwaka boti za omena hazitoki, kwa kuwa taa za wavuvi hazivuti kitu, nasi tunapumzika. Giza likiingia, ndiyo pesa hiyo, na anayeondoka anapoteza mahali pake pa kuanikia. Sikuweza kuja. Basi nikanunua lile gari jekundu la Odhiambo la kukalia akicheza, lenye usukani unaolia, na mwanasesere anayemkaribia Awuor kwa urefu, nikawapakia kwenye boti ya abiria kama wageni wa heshima. Nilifurahi siku hiyo, Anyango. Nilijiambia kwamba kila asubuhi wakiamka watagongana na kitu cha mama yao.

Kumbe na wewe uligongana nacho. Agosti nilipokuja, nilifungua mlango nikaona kila kitu mahali pake isipokuwa mahali pangu. Pale chini ya dirisha, kati ya ukuta na kabati, palipokuwa na kitanda changu cha kukunja, palikuwa na gari. Mwanasesere ameketi ndani yake akinitazama. Ukasema, "Kitanda nilipatia Mama Risper, wakwe walikuwa wanamtembelea. Gari lazima ingekaa mahali."

Kwa hiyo nikalala kwa Mama Risper, juu ya kitanda changu mwenyewe, ndani ya nyumba ya watu. Vile vyuma vya kitanda viliniumiza mbavu kama kawaida yake, lakini safari hii viliniuma kigeni. Na kupitia ukuta nikawasikia. Odhiambo analia, "Anti, songa!" Awuor anasema, "Wewe ndio usonge, mguu yako iko kwa tumbo yangu." Wewe unawatishia kwamba mtu wa mwisho kunyamaza atalala na vitunguu. Halafu wote watatu mkacheka. Mama Risper akaninong'oneza kwa wema wake, "Hao watoto wamezoea Anyango sana." Nikamjibu ndiyo, wamemzoea. Wewe hulalamika kwamba wanakupiga mateke, kwamba asubuhi unaamka shingo imepinda. Mimi nililala na nafasi ya kujinyoosha mikono na miguu, nikakuonea wivu wa mateke hayo. Kesho yake nikaondoka, nikasema omena inaningoja. Ulijua haikuwa ikiningoja, mwezi ulikuwa bado mkubwa.

Na hivyo vitunguu! Usidhani sikuona. Kwenye kiti cha lile gari mlikuwa mmemwaga vitunguu vyako vya biashara, na chini ya usukani viatu. Nilitaka kugomba. Nikamwita Odhiambo aendeshe ili nimpige picha, akajaribu kuingia, magoti yakagoma. Akaniambia pole pole, kama mtu anayempa mgonjwa habari, "Mum, hii nilishaikulia." Wewe ulilijua hilo tangu Pasaka. Mimi nililijua siku hiyo, na kamera ikiwa mkononi.

Sasa nirudi kwenye mapendekezo yako, yale uliyonitumia baada ya ule ujumbe. Yote ni mazuri, nakubali, na yote yameniudhi. Umesema tuwanunulie kitabu cha hadithi, hakimalizi nafasi. Ni kweli. Lakini nani atawasomea? Wewe. Umesema karata. Nani atacheza nao mvua ikinyesha? Wewe. Umesema tuwape siku moja ya kutembea Homa Bay, waone ziwa, wale samaki na soda, warudi jioni, na zawadi hiyo haihitaji hata msumari ukutani. Nikaona kabisa mkono wa Odhiambo ulivyoshika sketi yako kwenye lami. Umesema hata keki, inaliwa na kuisha. Nikaona kisu mkononi mwako na watoto wakikupigia makofi.

Hapo ndipo nilipoelewa mwenyewe kwa nini mimi hununua vitu vikubwa, na nikaona aibu kidogo, lakini wivu haukuondoka. Kitu kidogo kinahitaji mtu wa kukaa nacho pamoja na mtoto. Kitu kikubwa hukaa peke yake. Lile gari lilikuwa limeshika mahali pangu, Anyango, ili pasije pakasemwa kuwa pako wazi. Lilishika vizuri mno, likanitoa.

Usifikiri sijui nyumba ndogo. Njoo uone ninapolala. Chumba ni kimoja, kitanda ni kimoja, na wapangaji ni wawili: mimi na Boke, mwanamke wa Kikuria wa huko Isibania. Yeye huuza chai na mandazi kwa wavuvi usiku kucha, mimi huanika mchana. Nikiamka yeye anaingia, na shuka halijapoa. Sakafuni hatuweki hata kijiko. Sufuria, nguo, viatu, sabuni, begi langu la kuja nyumbani, vyote viko hewani, ndani ya vipande vya wavu mkuukuu vilivyofungwa kwenye boriti. Ukilala chali unaona mali yako yote ikikutazama. Nilimwuliza Boke siku ya kwanza kama haviangukii mtu usoni. Akasema, "Hapa Remba chini ni ya miguu tu. Vitu zako weka juu, dada."

Nilimsimulia Boke habari ya gari na vitunguu. Akacheka hadi akashika ubavu. Kisha akaniuliza swali ambalo nilistahili kujiuliza mwenyewe, "Kwani huko kwa dada yako hakuna dari?"

Basi fungua furushi. Huo ni wavu wa omena, wa mwenye boti mmoja aliyebadilisha nyavu zake mwezi uliopita. Matundu yake ni madogo, hata kifungo cha shati hakipiti. Nimeufua kwa sabuni mara nyingi na kuuanika mbali na samaki, na kama bado unanuka, unanuka kazi iliyowalipia watoto karo. Ufunge kwa hizo kamba za pembeni, upande mmoja kwenye msumari wa dirisha, upande mwingine kwenye boriti iliyo juu ya kabati. Mwanasesere apande huko, na mpira, na madaftari, na blanketi za mchana. Waache wachague wenyewe nani anakaa upande gani. Hiyo ndiyo zawadi yao ya kwanza, na haitakaa sakafuni.

Zawadi ya pili nakuja nayo mwenyewe, na hapa usinicheke. Nimeokota kokoto ufukweni, nyeusi, laini, zinazolingana, nikazijaza kwenye kifuko. Ni za ajua, bao letu lile tulilocheza nyumbani kwa nyanya yetu. Mashimo tutachimba nje karibu na mlango, kwa hiyo chumba chako kiko salama. Nimeichagua ajua kwa sababu nzuri nyingi, lakini ya kwanza ni kwamba wewe hukuiweza tangu utotoni. Ulikuwa ukishindwa unamwaga kokoto na kwenda kunishtaki. Kwa hiyo usijaribu kuwafundisha kabla sijafika. Wala Mama Risper asiwafundishe. Wala usimwambie Awuor ni nini. Akikuuliza kama ina mahali pa kukaa, mwambie akaniulize mimi.

Gari mpe yule mjukuu wa Mama Risper, magoti yake bado yanaingia. Iliniuma kuandika sentensi hiyo na nimeiandika mara mbili, ya kwanza nikaikata. Kwa kubadilishana, akurudishie kitanda changu. Vitunguu utajua mwenyewe pa kuvipeleka. Kitabu cha hadithi nunua pia, ulichokitaja kilikuwa kizuri. Ila ukurasa wa kwanza nisome mimi.

Maana mwaka huu Krismasi inakuja na mbalamwezi. Boti zitalala, na Boke amekubali kunilindia mahali pangu pa kuanikia. Nitavuka na boti ya abiria mpaka Mbita, na kutoka huko sitasimama popote. Huko kwenu nimekuambia wewe tu. Watoto usiwaambie, maana kwa chumba chako ukimwambia mmoja umetangazia plot nzima ya wapangaji.

Msalimie mama yetu utakapokwenda kumpelekea sukari, umwambie goti alikande kwa maji ya moto na asiende kwanza kwenye mikutano ya kanisa ya mbali. Msalimie mjomba fundi cherehani hapo sokoni. Nguo za watoto za Krismasi azishone kubwa kidogo, wasije wakazikulia kama gari. Msalimie Mama Risper, na ukuta wake. Odhiambo mpe salamu zangu sikioni. Awuor mwambie jino likitoka alifiche kwenye wavu, nataka kuliona mimi.

Limebaki jambo moja, la kipimo. Sikuwa na namna ya kujua urefu wa pale kati ya dirisha na kabati. Lakini nilikumbuka kwamba nilipokuwa nikilala hapo, utosi uligusa ukuta wa dirisha na vidole vya miguu viligusa kabati. Basi nililala chini hapa kwenye uwanja wa omena, watu wanaona, nikamwambia Boke akate wavu kuanzia kichwani hadi vidoleni. Akasema, "Sasa dada, unapimwa jeneza ama?" Nikamwambia napimwa chumba.

Kwa hiyo ufunge leo hii, Anyango, kisha usimame chini yake utazame. Wavu huo ukitosha, na mimi nitatosha.

Ni mimi dada yako mwenye wivu, ninayekupenda hivyo hivyo,

Achieng', Mama Awuor