Tata, boîte haikuingia

Tata, baba yangu,

Nakuandikia nikiwa na hasira, na sehemu ya hasira hiyo ni yako. Mdogo wangu Odette ameolewa Mutshatsha, na Tante Véro, dada yako aliyekulea, hakuwepo kanisani. Ni mimi niliyeahidi kumfikisha.

Jumatano boîte, sanduku la gia la basi langu dogo, ilikufa. Kwanza gia ya tatu ikaanza kuruka, kisha zote zikasaga kama mtu anatafuna changarawe. Fundi aliifungua akatikisa kichwa: tafuta nyingine, hata iliyotumika. Malori yapo, lakini ungemwonaje Tante na magoti yale akipandishwa juu ya magunia?

Nilikwenda kwa wauza vipuri. Kijana mmoja mwenye duka alipiga boîte kwa kiganja kama anayesifu ng'ombe. "Hii iko sawasawa na ya kwako, mama. Inaingia tu." Nikamwamini. Matundu ya bolti yalilingana, fundi akafurahi. Kisha mhimili wake ukafika kwenye diski ya klachi ukagoma. Meno yake yalikuwa mengi kuliko ya diski. Umbo moja, injini nyingine.

Hapo nikakukumbuka, Tata. Uani kwetu Kapata, umechuchumaa mbele ya boîte ya mtu, unapitisha kidole juu ya meno, midomo inacheza. Nilikuuliza, "Unahesabu nini?" Hukuinua macho. "Lete mayi, mwana. Hii haiko kazi ya banamuke." Nikaleta maji, kwa kuwa mimi ni msichana. Niliporudi ulikuwa umeshamaliza, na mdogo wangu Pascal ndiye aliyekuwa kando yako.

Kwa hiyo nilimpigia Pascal simu huko machimboni. Nilimwambia, "Wewe ndiye uliyefundishwa, nisaidie." Akanijibu mimi dada yake: "Yaya, mi nilikuwa nashika taa tu. Tata hakusemaka kitu."

Yaani hakuna hata mmoja wetu! Miaka yote ile watu walikuja hata kutoka Sandoa kukuuliza boîte gani inakubali gari gani, na wewe ukaenda na yote chini ya udongo.

Alhamisi nzima nilibishana na yule kijana mpaka akanibadilishia. Ya pili, meno yalikuwa sawa. Tulipoipandisha, mkia wake ukawa mfupi; kardani, ule mhimili mrefu unaozungusha magurudumu ya nyuma, haikuufikia. Ijumaa ikaisha hivyo. Nililia nimelala chini ya gari, mafuta yakinidondokea shingoni, na fundi akajifanya anatafuta spana.

Jumamosi asubuhi nilifanya lile ambalo nilipaswa kulifanya siku ya kwanza. Nilipakia boîte yangu iliyokufa kwenye mkokoteni, nikausukuma mwenyewe mpaka sokoni, nikailaza kando ya kila boîte waliyonionyesha. Nikasoma namba iliyochongwa ubavuni. Nikahesabu meno, nikapima urefu kwa kamba, nikatazama waya wa kipima mwendo unaingia wapi na miguu yake inafungwa wapi kwenye chasi. Watu walicheka. Ya tano ilikubali kila kitu.

Wakati huo Odette alikuwa tayari mbele ya padri. Tante, amevaa pagne yake mpya ya kitenge tangu alfajiri, alimpa baraka kwa simu. Mtandao ulikatika katikati ya jina lako.

Tulifika Jumapili. Odette alikuwa anaosha masufuria ya karamu. Alisimama, mikono inachuruzika. "Yaya, nilikungojea mpaka padri alikasirika," akasema, kisha akapiga magoti mbele ya Tante palepale kwenye matope. Tante akamwekea mikono kichwani, akasema kwa niaba yako yale yote aliyoyasema kwa simu, safari hii hadi mwisho. Tulioshuhudia tulikuwa wanne, na kuku.

Njiani kurudi sikuacha kunung'unika. Kwamba ulikuwa mchoyo, kwamba ulijua kila kitu ukatuficha. Tante alinisikiliza mpaka tukavuka mto, kisha akasema:

"Na yeye, nani alimufundisha? Boîte ine za kwanza alizouza zote zilikatala. Moja, mwenye gari alimurudishia mbele ya bantu, akamutukana. Alikuja kulia kwangu. Alikuwa anasikia haya, mwana. Ndiyo maana hakupenda mutu amwangalie."

Nilisimamisha gari.

Nilidhani ulininyima kazi yako. Kumbe ulikuwa unanificha aibu yako, na nisingeicheka, Tata. Nilikuwa mtoto; ningeketi kando yako tu. Ungeniambia mara moja, "Mi nami nilikosa," ningeyabeba maneno hayo maisha yangu yote.

Bado nimekasirika. Pumzika hivyo hivyo, nimekasirika nikikupenda.

Binti yako mkubwa