Bibi Amesema kwa Mdomo Wake

Mjini Ibra, Ijumaa

Usingizi haunijii kwa furaha niliyonayo, na sababu ni Bibi.

Tulikuwa tunakunywa kahawa baada ya chakula. Nikawaambia nimejiandikisha kwenye simu: nikifa, figo zangu na ini wapewe wagonjwa. Baba akakasirika, kama kila nikilitaja jambo hili. Mwili wa maiti ni amana ya jamaa zake, kasema, na siku hiyo madaktari wakimuuliza atakataa. Hilo ndilo linalonitia hofu, maana watamuuliza kweli.

Nikamwambia ziko nchi ambako mtu asipokataa katika uhai wake huhesabiwa kakubali.

"Kunyamaza ni ridhaa kwa mwari anayeozwa," akasema Baba. "Siyo kwa maiti."

Hapo Bibi, mama yake, akaweka kikombe chini.

"Hata kwa mwari siyo. Baba yangu alikuja kuniuliza, nikanyamaza kwa khofu. Wao wakapiga vigelegele."

Baba akabaki na tende mkononi. Babu kishafariki, na sote hatukuwahi kulisikia hilo.

"Leo nasema mwenyewe," Bibi akaendelea, "na wewe ndiye shahidi. Siku yangu ikifika, kinachofaa kichukuliwe. Na huyu mtoto kishasema lake, usimsemee."

"Haya, mama," akajibu Baba, taratibu. Basi. Miezi nahangaika naye, na Bibi kammaliza kwa kikombe kimoja cha kahawa.

Jikoni nikamuuliza Bibi angemjibu nini baba yake siku ile.

"Ningekataa," akasema, akisuuza vikombe. "Halafu babu yako angerudi kuposa tena, ningemkubali."